Kwa nini tunasema “Me I think”: Kiingereza cha Nakuru na sarufi ya Kiswahili iliyo ndani yake

Panda matatu katikati ya jiji la Nakuru inayoelekea Lanet, kisha tega sikio. Kabla hujafika Free Area huenda ukamsikia abiria akimwambia kondakta, “Me I am dropping here.” Nyuma yake mwanafunzi anamsimulia mwenzake, “My sister is in Njoro, he called me yesterday.” Na mama mmoja anamwelekeza mtoto kwa simu, “Remove the money in the drawer.”

Wote watatu wameeleweka. Kondakta amegonga bodi na gari limesimama, rafiki amejua ni dada aliyepiga simu, na mtoto ametoa pesa kwenye droo. Shida inaanza sentensi hizo zinapohama kutoka kwenye matatu na kuingia katika barua ya kuomba kazi, karatasi ya mtihani wa kidato cha nne, au maelezo ya shahidi yaliyoandikwa katika kituo cha polisi. Hapo ndipo “he” badala ya “she”, au “in” badala ya “from”, inapoweza kumgharimu mtu.

Wengi wetu tumefundishwa kuyaita mambo haya makosa ya watu wasiosoma. Ukiyatazama kwa makini, msomaji, utaona kwamba yana mpangilio. Karibu yote hutokea mahali pawili tu: kwenye viwakilishi, yaani maneno kama “I”, “me”, “he” na “she”, na kwenye vihusishi, yaani maneno kama “in”, “on”, “at”, “to” na “from”. Hutokea hapo kwa sababu Kiswahili hufanya kazi hizo mbili kwa njia nyingine kabisa. Mzungumzaji hakukosa sarufi. Anayo sarufi kamili kichwani, ila ni ya lugha nyingine.

Kwa nini tuanzie Nakuru

Sisi wa pwani tuna sababu ya kuijua hadithi ya Nakuru. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900, na Kiswahili kilipanda bara pamoja nayo. Mashamba ya walowezi ya Naivasha, Njoro, Molo na Subukia yalikusanya vibarua wa lugha nyingi: Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo, Wakisii na wengineo. Lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton alianzisha shule ya kilimo huko Njoro kwa ajili ya Wazungu. Leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, na vijana wa Kilifi, Kwale na Taita wanasoma humo pamoja na wenzao wa Bonde la Ufa. Nakuru yenyewe ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021.

Katika mashamba hayo mlowezi naye alilazimika kusema Kiswahili, na Kiswahili chake kikapewa jina: Kisetla. Miaka ya 1930 kilitoka hata kijitabu cha F. H. Le Breton, Up-Country Swahili, cha kuwafundisha walowezi na wake zao lugha ya kutosha kuwaagiza wafanyakazi. Alama kubwa ya Kisetla ilikuwa ni kutupa viambishi na kuweka viwakilishi vilivyosimama peke yake, kama vile Kiingereza kinavyofanya. Pale ambapo sisi tungesema “Nataka uje kesho,” mlowezi angesema “Mimi nataka wewe kuja kesho.” Hiyo ni sentensi ya Kiingereza, “I want you to come tomorrow,” iliyovalishwa kanzu.

Kwa hiyo Bonde la Ufa limeyaona mambo haya kutoka pande zote mbili. Mlowezi aliingiza sarufi ya Kiingereza katika Kiswahili, na mjukuu wa kibarua wake anaingiza sarufi ya Kiswahili katika Kiingereza. Tofauti ni kwamba mlowezi hakunyimwa kazi kwa sababu hiyo.

“Me I”: kiwakilishi kinaposemwa mara mbili

Tuanze na “Me I think.” Katika Kiswahili kitenzi kwa kawaida hakisimami bila nafsi ndani yake. Tukisema “nafikiri”, ile na- ya mwanzo imeunganisha ni- na wakati, na tayari imeshamtaja msemaji. Tukitaka kusisitiza, au kujitofautisha na wengine, tunaongeza kiwakilishi mbele: “Mimi nafikiri.” Nafsi imetajwa mara mbili, na wala si kosa. Ndivyo lugha yetu inavyosema “kwa upande wangu”.

Mkenya anapohamisha sentensi hiyo, “mimi” inakuwa “me” na ni- inakuwa “I”. Vivyo hivyo “Sisi tumekuja” inakuwa “Us we have come,” na “Huyu rafiki yangu anapenda mpira” inakuwa “My friend he likes football.” Kiingereza sanifu hutaka nafsi itajwe mara moja tu mbele ya kitenzi: “I think,” “We have come,” “My friend likes football.” Anayetaka mkazo huinua sauti, au husema “As for me, I think.” Ukishajua kwamba “I” inafanya kazi ya ni- na kwamba “me” haina kazi mbele yake, kosa linaondoka bila kukariri.

“He” na “she”: swali ambalo lugha zetu haziulizi

Kiswahili kinasema “amepiga simu” na kuishia hapo. Aliyepiga ni mwanamume au mwanamke? Kiambishi a- hakisemi, na hakuna anayekilaumu. Kikuyu ni hivyo hivyo. Kikalenjin, ingawa si lugha ya Kibantu, nacho hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu. Basi mtoto wa Nakuru anaweza kuwa na lugha mbili au tatu kichwani, na zote zikawa hazijawahi kumuuliza swali hilo. Kiingereza ndicho cha kwanza kumuuliza, tena kinamuuliza katika kila sentensi. Akizungumza haraka, ulimi unachukua “he” kwa sababu ndiyo iliyo karibu.

Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe wamekuwa wakitafuta kiwakilishi kama a- yetu kwa karne nyingi. Wasipojua jinsia ya mtu husema “they”, ingawa mtu ni mmoja: “Somebody has left their bag.” Matumizi hayo yameonekana katika maandishi yao tangu karne ya 14. Sisi tunasema “Mtu ameacha mfuko wake” na kazi imekwisha.

Lakini tusilipuuze jambo hili, maana ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote katika makala haya. Chukua sentensi ya Kiswahili ambayo shahidi yeyote anaweza kuitoa: “Alimsukuma akaanguka.” Nani alisukuma, nani alianguka? Katika mazungumzo, waliokuwepo wanajua. Ofisa akiiandika kwa Kiingereza, analazimika kuchagua. “He pushed her and she fell” ni kisa kimoja. “She pushed him and he fell” ni kisa kingine. “He pushed her and he fell” ni cha tatu, maana hapo aliyeanguka ni msukumaji mwenyewe. Neno moja likikosewa, mlalamikaji anakuwa mshtakiwa.

Sheria ya Kenya inalijua tatizo la lugha. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inaruhusu mahakama za chini kutumia Kiingereza au Kiswahili, ilhali lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Lakini mkalimani wa mahakamani hawezi kurekebisha kilichoandikwa vibaya kituoni miezi sita kabla. Ukiandikisha maelezo kwa Kiswahili na karatasi ikaandikwa kwa Kiingereza, omba usomewe kabla ya kutia sahihi, na kila ukisikia “he” au “she”, uliza ni nani anayetajwa. Kuuliza si ujinga.

“I” au “me”?

“Mimi” ya Kiswahili haibadiliki. “Mimi na kaka yangu tulikwenda,” “Alituita mimi na kaka yangu,” “baina yangu na kaka yangu.” Mahali pengine ni “mimi”, pengine “yangu”, lakini haijalishi kama mtu ndiye mtenda au ndiye mtendwa. Kiingereza hujali: “I” hutenda, “me” hutendwa au hufuata kihusishi.

Walimu wamewaadhibu wanafunzi kwa “Me and my brother went” mpaka wengi wameogopa “me” kabisa, wakaanza kusema “He called my brother and I” na “between you and I”, wakidhani ndiyo adabu. Hili si kosa la Wakenya peke yao, utalisikia London na Chicago pia. Dawa yake ni rahisi. Mwondoe yule mwingine halafu usome tena. “He called I” haisemeki, kwa hiyo ni “He called my brother and me.” “Me went” nayo haisemeki, kwa hiyo ni “My brother and I went.” Baada ya “between”, “for”, “with” na “to” daima ni “me”.

“The man whom I gave him money”

Huu ndio mpangilio unaowakamata hata wenye shahada. Kiswahili kinasema, “Mtu ambaye nilimpa pesa.” Ile -m- ndani ya “nilimpa” inamrudia yule mtu aliyekwisha kutajwa na “ambaye”. Ndivyo inavyotakiwa, na ukiiondoa ukasema “nilipa pesa” umeharibu maana nzima. Basi Mkenya anasema, “The man whom I gave him money.” Amehamisha -m- yake kwa uaminifu. Kiingereza kinaona mtu ametajwa mara mbili, “whom” na “him”, na kinataka ya pili iondoke: “The man I gave money to.”

Tazama ile “to” iliyobaki mkiani. Kwetu sisi inaonekana kama mlango ulioachwa wazi. Kiswahili hakiachi kihusishi kikining’inia: tunasema “nyumba ninayokaa ndani yake”, “mtu niliyesafiri naye”. Ndiyo maana wengi huandika “the house which I live in it” na “the person whom I travelled with him”. Yale “it” na “him” ya mwisho yamewekwa ili mlango ufungwe. Kiingereza kinauacha wazi: “the house I live in”, “the person I travelled with”. Aliyezoea mkia huo mtupu ameshavuka kilima kikubwa.

Kiambishi -ni na maji ya Ziwa Naivasha

Sasa tuje kwenye vihusishi. Chukua neno “ziwani”. Samaki wako ziwani. Boti iko ziwani. Tulikutana ziwani. Wavuvi wameenda ziwani. Wavuvi wametoka ziwani. Neno ni lile lile mara tano, na Kiswahili hakina shida. Kiingereza kitakudai neno jipya kila mara: samaki wako “in the lake”, boti iko “on the lake”, tulikutana “at the lake”, wavuvi wameenda “to the lake” na wametoka “from the lake”. Anayesema “We met in the lake” amewatosa wenzake majini wakiwa na nguo zao.

Kwetu sisi, kiambishi -ni kinasema tu kwamba hapa ni mahali. Kikuyu kina ndugu yake, -inĩ, chenye kazi iyo hiyo. Mwelekeo hubebwa na kitenzi: “enda” ina maana ya kuelekea, “toka” ina maana ya kuacha, “pita” ina maana ya kukatiza. Kwa Kiingereza, kitenzi mara nyingi hakitoshi, na kihusishi ndicho kinachobeba mwelekeo. Ndiyo sababu mama wa kwenye matatu alisema “Remove the money in the drawer.” Kwa Kiswahili angesema “Toa pesa kwenye droo,” na “toa” yenyewe ina maana ya kutoka. Kiingereza kinahitaji “Take the money out of the drawer,” kwa sababu “in the drawer” inaeleza tu pesa ziliko. Na pakiwa na dawa badala ya pesa, “Give her the tablets in the blue packet” na “Give her the tablets from the blue packet” huenda zisilete shida, lakini “Pour the water in the tank” na “Pour the water from the tank” ni kazi mbili zinazopingana. Moja inajaza, nyingine inamwaga.

Hapa mtu wa pwani ana hazina ambayo wengi wa bara wameipoteza. Kiswahili chetu bado kinasema “mezani pana kitabu”, “mjini kuna watu” na “sandukuni mna nguo”. Pa- ni mahali hasa panapojulikana, ku- ni mahali pasipo mipaka dhahiri, mu- ni ndani. Katika Kiswahili cha Nakuru, “kuna” imemeza zote tatu. Mwalimu wa Malindi au Lamu anaweza kumwambia mwanafunzi hivi: ukisikia “mna”, fikiria “in”, na ukisikia “pana”, fikiria “at” au “on”. Hailingani kila mara, lakini ni ngazi nzuri ya kupandia, na ni ngazi iliyotengenezwa kwa mbao zetu wenyewe.

Tukubali pia kwamba Kiingereza chenyewe si hesabu. Mtu hukaa “in a taxi” lakini “on a bus”, kwa sababu basi ni chombo ambacho abiria anaweza kusimama na kutembea ndani yake. Matatu iko katikati, na watu husema yote mawili. Anayefanya kazi katika kampuni ya maua Naivasha yuko “on a flower farm”, ijapokuwa Wakenya wengi husema “in”. Mwingereza hupumzika “at the weekend”, Mmarekani “on the weekend”. Haya hayana kanuni ya kukuokoa. Hushikwa kwa kusoma na kusikiliza, kama tunavyojua kwamba mtu huenda “kwa miguu” lakini hupanda “kwenye gari”.

“Kwa” na “na”, mafundi wa kazi zote

Hakuna maneno yanayofanya kazi nyingi kama haya mawili. “Kwa kisu” ni “with a knife”. “Kwa basi” ni “by bus”. “Kwa daktari” ni “at the doctor’s” au “to the doctor”. “Nilikopa kwa jirani” ni “from a neighbour”. “Na” nayo ni “and” katika “chai na mkate”, ni “with” katika “nilikuja na mama”, na ni “by” katika “ilijengwa na fundi”.

Katika mkataba wa nyumba tofauti hizi ni pesa. “Itarekebishwa na mpangaji” inafanya mpangaji alipie mabomba: “repaired by the tenant”. Ikiandikwa “repaired for the tenant”, anayelipa ni mwenye nyumba. Kabla ya kutia sahihi, tafuta kila “by”, “to”, “for” na “from” uipigie mstari. Sehemu kubwa ya ugomvi wa mikataba imejificha katika maneno hayo yenye herufi mbili hadi nne.

Tarehe nazo zina mtego wake. Sisi husema “Jumatatu”, “saa mbili”, “mwezi wa nane” bila kihusishi chochote. Kiingereza kinataka “on Monday”, “at eight”, “in August”. Mtego mkubwa ni “hadi”. “Ofisi iko wazi hadi Ijumaa” ni “until Friday”, hali inaendelea mpaka siku hiyo. “Leta fomu kabla Ijumaa haijapita” ni “by Friday”, tendo moja linalopaswa kukamilika kufikia siku hiyo. Tangazo la kazi likisema “by 30 June”, tarehe hiyo ndiyo ya mwisho, na anayeingoja ifike ndipo aanze kutafuta vyeti amejichongea. Likisema “within 14 days”, ni siku yoyote ndani ya hizo 14, wala si baada ya kuisha.

Si kila kosa linatoka kwa mama

Tusikibebeshe Kiswahili mizigo yote. “Discuss about” haikutoka kwetu. Kwa asili tunasema “kujadili jambo”, bila kihusishi, kama vile Kiingereza kinavyosema “discuss a matter”. Kosa hili linatoka ndani ya Kiingereza chenyewe: watu wamezoea “talk about” na “a discussion about”, wakaona “discuss” nayo inastahili mkia. Vivyo hivyo “a request for water” ni sahihi kwa sababu “request” hapo ni nomino. Ikiwa kitenzi ni “request water”. “Emphasis on” imezaa “emphasize on”, na “lead to” imeivuta “result in” ikawa “result to”.

Maneno haya yamezoeleka mno nchini. Profesa Alfred Buregeya wa Chuo Kikuu cha Nairobi amechunguza kwa miaka sifa za Kiingereza cha Kenya na namna Wakenya wenyewe wanavyozipokea, na mwaka 2019 alitoa kitabu kizima kuhusu lugha hiyo. Wanaisimu wengi wanakubali kwamba Kiingereza cha Kenya ni aina mojawapo ya Kiingereza, kama kile cha India au Nigeria, chenye desturi zake.

Lipi urekebishe, lipi uliache

Hilo linatuleta kwenye swali la mwananchi wa kawaida: je, nihangaike na yote haya? Kwa maoni yangu tuyagawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni yale yanayobadilisha maana: “he” na “she”, “in” na “from”, “by” na “for”, “by” na “until”, pamoja na “borrow” na “lend”, ambayo hutuchanganya kwa kuwa “kuazima” ya Kiswahili huenda pande zote mbili. Haya yarekebishe leo. Yanaweza kuharibu kesi, dawa, mshahara au shehena ya maua iliyotakiwa uwanja wa ndege kufikia Jumanne.

Fungu la pili ni yale yasiyobadilisha maana lakini yanahesabiwa mtihanini na katika barua rasmi: “me I”, “whom I gave him”, “discuss about”, “between you and I”. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina zoezi la kujaza mapengo lenye alama 10, na karatasi ya pili ina sehemu ya sarufi yenye alama 15. Mapengo mengi kati ya hayo hujazwa na neno dogo: kihusishi, kiwakilishi au kiunganishi. Mwanafunzi anayetarajia kuingia Egerton au Pwani hawezi kuziacha alama hizo mezani. Ayajue, ayatumie panapotakiwa.

Fungu la tatu ni desturi za mazungumzo. “I am dropping at Free Area” inasimamisha gari Nakuru, na hakuna Mwingereza anayehitajika kutoa idhini. “You are coming, isn’t it?” ni “sivyo?” yetu iliyohamia, na mwenzako ameielewa. Ukiwa na rafiki, sema unavyosema. Kumcheka mtu kwa ajili ya fungu hili ni kumfunga mdomo, na aliyefungwa mdomo hajifunzi lugha yoyote. Tulishapita huko. Katika shule nyingi za Kenya, mtoto aliyesema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni na kuadhibiwa. Walichojifunza wengi wao ni kunyamaza darasani.

Namna ya kujifunza bila aibu

Kwanza, andika sentensi yako ya Kiswahili, kisha tafuta nafsi ziko wapi ndani ya kitenzi. Katika “nilimpa” kuna ni- na -m-. Zihamishe kila moja mara moja tu: “I gave him.” Ukiona umetoa viwakilishi vingi kuliko viambishi ulivyoanza navyo, kimoja kimezidi. Na kama ulianza na “ambaye”, -m- imeshatajwa, iache.

Pili, usijifunze kitenzi cha Kiingereza bila kihusishi chake. Usiandike “depend” kwenye daftari, andika “depend on”. Andika “good at”, “married to”, “congratulate on”, “afraid of”. Ni kama kujifunza nomino ya Kiswahili pamoja na ngeli yake, maana anayejua “kiti” bila “viti” amejua nusu.

Tatu, soma kwa sauti maandishi yaliyohaririwa vizuri, robo saa kwa siku. Vihusishi huingia kwa sikio zaidi kuliko kwa kanuni.

Nne, na hili nawaambia walimu na wazazi: mtoto akisema “My mother he is sick,” usimwambie hajui kitu. Mwambie kwamba Kiswahili hakiulizi swali hilo na Kiingereza kinauliza, kisha mpe jibu. Ataona kwamba ana lugha mbili zenye tabia tofauti. Mtoto anayejua ni wapi lugha zake zinapoachana hahitaji kuiacha hata moja ili aishike nyingine.